Riwaya ya mapenzi ya wasiofanana: Nini humfanya msomaji aridhike?

MSIMU wa karafuu unapowadia kisiwani Pemba, mashamba huwakutanisha watu ambao miezi mingine ya mwaka kila mmoja hushika njia yake. Mfano ni kijana wa Micheweni, upande wa kaskazini ambako ardhi ni ya mawe na riziki ni ya kubahatisha, anayepanda mikarafuu ya tajiri mmoja wa Wete. Jioni anashuka na pakacha lake ili apimiwe na binti wa mwenye shamba, aliyeketi barazani na daftari mapajani. Kijana anasema pishi inajazwa kupita kiasi. Binti anajibu kuwa pishi ni ile ile ya jana. Maneno yanapanda, na wachumaji wengine wanageuza shingo kutazama.

Wawili hao ni wa kubuni, lakini mtunzi yeyote wa riwaya akiwaona atajua kuwa amepata mali. Mmoja ni fukara, mwingine ni mtoto wa mwenye nacho. Mmoja hujua miti, mwingine hujua hesabu. Msomaji naye hahitaji kuambiwa yatakayofuata. Tangu ukurasa wa kwanza amekwisha kubashiri kuwa ugomvi huo utageuka mapenzi.

Hapo ndipo penye fumbo. Ikiwa mwisho unajulikana mapema, kwa nini baadhi ya riwaya za namna hiyo humkesha mtu hadi alfajiri, na nyingine humchosha kabla ya sura ya tatu? Vipi hadithi mbili zenye watu wa aina moja, ugomvi wa aina moja na hata arusi ya aina moja mwishoni ziache ladha mbili mbalimbali?

Jibu fupi ni kuwa tofauti peke yake haimridhishi mtu. Wahenga walisema ndege wafananao huruka pamoja, na msomaji anapochukua riwaya ya ndege wasiofanana huwa anadai ushahidi kwamba wahenga wanaweza kupingwa. Kinachomridhisha ni kuwaona watu wawili wakijifunza kujibizana kwa haki, kila mmoja akitoa kitu kilichokuwa kigumu kukitoa. Asipopewa ushahidi huo, hata arusi yenye ngoma siku saba haimshibishi.

Tofauti yenye mizizi

Jambo la kwanza ni asili ya tofauti yenyewe. Riwaya dhaifu huwatofautisha wapenzi kwa tabia za juu juu. Huyu mcheshi, yule mnunaji. Huyu mpenda nadhifu, yule mtu ovyo. Tofauti kama hizo huchekesha, lakini hazina uzito, kwa kuwa mazungumzo ya saa moja yangetosha kuzimaliza. Msomaji hujiuliza kwa nini wahusika wamepotezewa kurasa mia mbili.

Riwaya zilizodumu katika fasihi ya Kiswahili zimechimba zaidi. Katika Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1999, Yasmin ni msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa mfanyabiashara mwenye umri wa kumzaa, naye Denge ni kijana wa Kizanzibari aliyesoma Urusi na kurudi nyumbani kupambana na utawala wa Waingereza. Kinachowatenganisha wawili hao hakikuanza siku walipokutana. Ni rangi, dini, mitaa ya mji, fedha na serikali ya kikoloni iliyowapanga watu kwa makundi. Yasmin anapomkimbia mumewe na kupata hifadhi Ng'ambo kwa rafiki yake Mwajuma, anavuka mpaka ambao jamaa zake hawako tayari kumsamehe kwa kuuvuka.

Miaka zaidi ya 20 kabla ya hapo, Mohamed Suleiman Mohamed, mwandishi mwingine wa Zanzibar, alikuwa amechapisha Nyota ya Rehema (1976). Humo Rehema, binti wa bwana shamba tajiri aliyekosa nafasi katika nyumba ya baba yake, anapitia madhila ya mjini kabla ya kukutana na Sulubu, mkulima fukara ambaye mali yake ni nguvu za mikono yake. Hapa pia pengo kati ya wapenzi limechimbwa na historia ya ardhi. Ndiyo maana msomaji hashangai warithi wa baba wanapokuja kuwadai shamba walilolitolea jasho. Kilichowatofautisha mwanzoni kinarudi kuwatafuta.

Tofauti ya aina hiyo humfanya msomaji aogope. Anawatakia wapenzi heri, na papo hapo anajua kuwa kuna mtu, sheria au kaburi la babu linaloweza kuwazuia. Bila hofu hiyo mapenzi hayana thamani, kwa kuwa hayajagharimu chochote.

Kwa wasomaji wa visiwani, hofu hiyo haihitaji maelezo mengi. Baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyogeuka kitovu cha karafuu za Zanzibar, na pamoja na zao hilo yakaja mahusiano ya mwenye shamba na mchumaji, mkopeshaji na mdaiwa, na hadi mwaka 1897 utumwa ulipopigwa marufuku, bwana na mtumwa. Riwaya inayomtia binti wa mwenye shamba mikononi mwa mchumaji inagusa kovu lenye umri wa vizazi kadhaa.

Turudi barazani Wete. Ikiwa ugomvi wa pishi ni kisingizio tu cha kuwakutanisha wawili hao, mvua itanyesha, karafuu zitaanikuliwa mbio mbio, mikono itagusana juu ya jamvi na mambo yatakwisha. Lakini ikiwa pishi ya nyumba hiyo kweli ni kubwa kuliko inavyopasa, na binti hajui, basi kijana hajamtukana mtu mmoja tu. Amesema kuwa nyumba iliyomlea imejengwa kwa dhuluma. Hapo riwaya imepata mzizi.

Kujibizana kwa haki

Jambo la pili ni usawa wa wahusika. Usawa huo si wa fedha wala wa elimu; ni uwezo wa kila mmoja kumjibu mwenzake.

Pemba ina somo la kale katika jambo hili. Kisiwa hicho kilikuwa na washairi wawili mashuhuri wa zama moja, Kamange, aliyeishi kati ya miaka 1830 na 1910, na Sarahani bin Matwar, aliyezaliwa mwaka 1841 na kufariki mwaka 1926. Kamange anakumbukwa zaidi kwa mashairi ya mapenzi, Sarahani kwa elimu yake ya dini. Tungo zao zilihifadhiwa na wapenzi wa ushairi hadi zilipotolewa katika kitabu Kale ya Washairi wa Pemba mwaka 2011, chini ya uhariri wa Abdilatif Abdalla. Wasomaji wa leo wanaweza kuona humo jinsi watu wawili wenye mielekeo mbalimbali walivyoweza kukabiliana kwa maneno bila mmoja kummeza mwingine.

Siri ya majibizano ya kishairi ni kanuni zake. Kwa kawaida anayejibu huifuata bahari ya aliyeanza, akashika mizani na vina vile vile, kisha ndani ya mipaka hiyo akasema kinyume chake. Huwezi kumjibu mtu usiyemsikiliza. Ili umpinge kwa vina vyake, sharti kwanza uvitie kinywani mwako.

Riwaya ya wapenzi wasiofanana hufuata mwendo huo huo. Katika Pride and Prejudice ya Jane Austen, iliyotoka Uingereza mwaka 1813 na ambayo watunzi wengi wa mahaba wameendelea kuifuata, Darcy anamposa Elizabeth mara ya kwanza kwa maneno yenye dharau kwa jamaa zake. Elizabeth anamkataa na kumweleza makosa yake waziwazi. Kesho yake Darcy anamjibu kwa barua. Tangu barua hiyo kusomwa, kila mmoja anatembea na maneno ya mwenzake kichwani. Wamekuwa wakiongea kwa kurasa nyingi, lakini sasa ndipo wanaposikilizana.

Kwa hiyo mazungumzo ndiyo uti wa mgongo wa riwaya hizi. Msomaji hufurahia mahali ambapo neno lililotupwa kwa hasira katika sura ya pili linarudi katika sura ya kumi likiwa na maana mpya. Riwaya ambayo mmoja hunena na mwingine hulia tu, au mmoja huhubiri na mwingine hukubali tu, huwa imekwisha kumtangaza mshindi, na mapenzi hayahitaji mshindi.

Kwa kijana wa Micheweni na binti wa Wete, usawa unapatikana pale binti anapokuwa na jibu. Pengine anajua jambo ambalo mchumaji halijui, kwamba shamba limewekwa rehani, na kwamba daftari analoshika ni la madeni ya baba yake kabla ya kuwa la ujira wa wengine. Kijana aliyedhani kuwa wenye mashamba wote hulala usingizi mzuri analazimika kufikiri upya. Kila mmoja sasa ana ukweli ambao mwenzake hana. Msomaji, anayeijua kweli ya pande zote mbili, hawezi kukiweka kitabu chini.

Kila mmoja alipe

Jambo la tatu, na ambalo watunzi wengi huteleza, ni gharama. Watu wawili waliotofautiana kwa dhati hawawezi kuungana wakiwa vile vile walivyokuwa. Lazima mtu abadilike. Swali ni nani, kwa kiasi gani na kwa sababu gani.

Riwaya nyingi pendwa humbebesha mzigo huo mwanamke peke yake. Yeye ndiye anayevumilia, anayesamehe na anayeacha masomo au kazi, na mwanamume akichukua hatua moja tu kuelekea wema anapigiwa vigelegele. Aidha, zipo hadithi zinazouita ukatili kuwa ni tofauti ya tabia. Mwanamume anayemdhalilisha mwenzake, anayemfungia ndani au kumpiga, huelezwa kuwa ni mkali mwenye moyo wa dhahabu. Msomaji makini hukataa biashara hiyo. Mkimya na msemaji wanaweza kujibizana. Mpigaji na mpigwa hawana majibizano, bali mmoja anaogopa.

Mfano wa tabia inayoweza kubadilishwa kwa njia ya kuaminika unapatikana katika Mfadhili ya Hussein Tuwa, ambayo pamoja na Vuta N'kuvute imesomwa na wanafunzi wengi wa kidato cha tano na cha sita nchini Tanzania. Gaddi Bullah ni mwanamume aliyejeruhiwa na mapenzi ya awali hata akawafungia wanawake moyo wake. Dania Theo anamwendea kwa upendo. Kinachomfanya msomaji amvumilie Gaddi ni kuwa ubaridi wake una chanzo kinachosimuliwa. Msomaji anaonyeshwa jeraha, naye anasubiri kuona kama litapona. Mtu aliyefungwa na maumivu anaweza kufunguliwa. Aliyefungwa na mtunzi ili hadithi iwe ndefu hafunguki.

Upo pia ustadi wa kupanga wakati wa mabadiliko. Badiliko humgusa msomaji zaidi linapofanyika bila kutarajia malipo. Darcy anaiokoa familia ya Elizabeth na aibu kwa fedha zake mwenyewe, tena kwa siri, wakati ambapo hana hakika kuwa atapendwa. Elizabeth naye anakiri nafsini mwake kuwa alimhukumu vibaya, kabla ya kujua kuwa atamwona tena. Laiti wangefanya hayo mbele ya macho ya kila mmoja, ingekuwa hongo. Kwa kuwa wameyafanya wakiwa mbali, ni tabia.

Vivyo hivyo kwa hadithi ya karafuu. Binti akibadilisha pishi kijana akiwa amesimama mbele yake, msomaji atatilia shaka. Akiibadilisha baada ya kijana kwisha kurudi kwao kwa hasira, akakabiliana na baba yake peke yake na kukubali kuwa deni litachelewa kulipwa, hapo msomaji atamwamini. Na kijana aliyemwita mwizi mbele ya wachumaji wote hawezi kumwomba radhi kichochoroni. Alimtukana barazani, sharti radhi nayo iombwe barazani.

Mapatano ya karatasi

Wasomaji wa Pemba wana sababu nyingine ya kudai ukweli katika hadithi za watu wanaopingana. Kwao utengano haukuwa mchezo wa vitabuni. Baada ya uchaguzi wa vyama vingi wa mwaka 1995, uhasama kati ya wafuasi wa CCM na wa CUF uliingia hadi jikoni. Yaliripotiwa matukio ya majirani kususiana maduka, watu kutohudhuriana arusini na mazikoni, na hata ndoa kuvunjika kwa sababu ya kadi ya chama. Januari mwaka 2001 watu waliuawa katika maandamano kisiwani humo.

Historia ya mapatano nayo ni somo. Muafaka wa kwanza ulitiwa saini mwaka 1999, lakini haukuzuia umwagaji damu uliofuata. Wa pili ulitiwa saini Oktoba mwaka 2001. Ilibidi kungoja hadi maridhiano ya Novemba mwaka 2009 na kura ya maoni ya Julai 31, mwaka 2010, ndipo Zanzibar ikapata Serikali ya Umoja wa Kitaifa, ambayo ndani yake kila upande ulikubali kugawana kile ilichokuwa ikikipigania peke yake. Hata hivyo kufutwa kwa uchaguzi wa Oktoba mwaka 2015 kulionyesha kuwa jeraha la namna hiyo linaweza kufunguka tena.

Mtu aliyeyapitia hayo hadanganyiki kwa urahisi na mapatano ya sura ya mwisho. Anajua kuwa kupeana mikono si kupatana. Anapowasoma mume na mke, au mchumba na mchumba, waliotoka katika kambi zinazochukiana, huuliza maswali ya mtu mzima. Watazika wapi? Watoto watalelewa na bibi yupi? Siku ya uchaguzi wataamkiana vipi? Riwaya inayokwepa maswali hayo humwacha akiwa na njaa, hata kama wahusika wake wanapendeza.

Mwisho unaojibu mwanzo

Je, ni lazima wapenzi waoane ndipo msomaji aridhike? Wachapishaji wa riwaya pendwa husema ndiyo, na wana haki kwa kadiri yao, kwa kuwa anayenunua kitabu cha mahaba huwa anataka kurudishiwa matumaini. Lakini fasihi ya pwani imeonyesha kuwa ridhaa ya msomaji ni pana kuliko arusi.

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, alisimulia katika riwaya yake ya Kiingereza, Desertion (2005), mapenzi ya Mwingereza Martin Pearce na Rehana, dada wa mwenye duka katika mji mdogo wa pwani ya Kenya mwaka 1899. Mapenzi hayo hayadumu. Miongo kadhaa baadaye, huko Zanzibar, kijana Amin anampenda Jamila, mjukuu wa Rehana, na wazazi wake wanamkataza kwa sababu ya kisa hicho cha kale. Msomaji hapati arusi, lakini anapata maelezo. Anaelewa kwa nini haikuwezekana, na ni nani aliyelipa.

Katika Vuta N'kuvute pia, harakati za Denge zinamtenga na Yasmin, na maisha yanampeleka Yasmin kwa mwanamume mwingine, Bukheti. Pamoja na hayo, kisa cha Yasmin na Denge ndicho ambacho wengi hukikumbuka, na mwaka 2021 mwongozaji Amil Shivji alikitengenezea filamu iliyoonyeshwa katika Tamasha la Filamu la Toronto, Kanada. Hadithi inaridhisha kwa sababu Yasmin wa mwisho si yule msichana aliyeozwa bila kuulizwa. Amejifunza kuchagua, na Denge ni sehemu ya funzo hilo.

Kanuni inayoziunganisha hadithi hizo ni kuwa mwisho ujibu mwanzo. Ugomvi uliowakutanisha wahusika ndio unaopaswa kutatuliwa, au kushindikana, mbele ya macho ya msomaji. Ukianza kwa ardhi, umalizike kwa ardhi. Ukianza kwa jina la ukoo, umalizike kwa jina la ukoo. Mtunzi anayeanza na dhuluma ya pishi kisha akamaliza kwa ajali ya gari inayomlaza mmoja hospitali na kumfanya mwingine alie, amekimbia swali lake mwenyewe.

Kwa sababu hiyo, hadithi ya Wete haiwezi kumalizikia ufukweni wala chini ya mwezi. Inamalizikia pale pale barazani, msimu unaofuata. Wachumaji wamepanga foleni, makonyo yamerundikwa pembeni, harufu ya karafuu imejaa uani. Binti ameketi na daftari lake, na pishi mpya iko mbele yake. Kijana wa Micheweni ameomba radhi mbele ya wote, naye sasa anaweka pakacha chini bila kusema neno. Binti anajaza pishi, anapitisha kiganja juu yake hadi ikawa sawasawa, kisha anamsogezea aione kabla ya kuandika.

Msomaji aliyefika hapo hataki kuongezewa neno. Anajua posa itakuja, na anajua itakuwa na matatizo yake. Lakini amekwisha kuwaona watu wawili wakipimana kwa haki.